Picha Iliyovishwa Shuka

Nimekuwa mtungaji wa mashairi ya vina na mizani kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtumishi wa Serikali kwa muda unaokaribia huo. Katika kazi zote mbili nimeulizwa mara nyingi kipi ni chetu na kipi si chetu, nami nilizoea kujibu haraka. Mchoraji wa Kijapani, Kuroda Seiki, ndiye aliyenipunguzia haraka hiyo.

Kuroda alizaliwa mwaka 1866 huko Kagoshima, kusini mwa Japani, katika ukoo wa samurai, akafanywa mwana na ami yake. Mwaka 1884 alikwenda Ufaransa kusomea sheria, lakini kule Paris alikutana na Wajapani wenzake waliojishughulisha na sanaa, wakamshawishi, naye baada ya miaka michache akaziacha sheria akashika brashi. Mimi niliye mtu wa ofisi, kila nisomapo habari hiyo huwafikiria kwanza wazee waliomtuma. Mwalimu wake alikuwa Raphael Collin. Na katika kijiji cha Grez, kando ya mto Loing, alijizoeza kutazama jinsi mwanga wa jua unavyoangukia majani na nyuso za watu.

Aliporejea kwao mwaka 1893 hakuikuta njia imefagiliwa. Hakuwa wa kwanza, kwani Takahashi Yuichi, aliyemzidi umri kwa karibu miaka arobaini, alikwisha kuchora kwa rangi za mafuta samaki aliyening'inizwa kwa kamba, ubavu umekatwa, hata mtazamaji aionje chumvi. Lakini shauku ya mambo ya Magharibi ilikuwa imepoa, na chuo cha sanaa cha Serikali kilichofunguliwa Tokyo mwaka 1889 hakikufundisha uchoraji wa namna hiyo. Walioamua hivyo hawakuwa wajinga. Walichelea sanaa ya mababu isije ikasombwa na maji, na hofu hiyo naijua, kwani nimeibeba mwenyewe.

Mwaka 1895 Kuroda alionyesha mjini Kyoto picha ya mwanamke aliye uchi akitengeneza nywele mbele ya kioo. Paris ilikuwa imekwisha kuipokea. Huku nyumbani magazeti yalichachamaa. Hata hivyo, mwaka uliofuata chuo kile kile kikafungua idara ya uchoraji wa Kimagharibi, naye akakabidhiwa kufundisha. Mwaka 1901 yakawa mengine: kwa amri ya polisi, picha yake nyingine ya mwanamke aliye uchi ilifunikwa kwa kitambaa kuanzia kiunoni kwenda chini, ndipo watu wakaitazama. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka. Turubai kuvishwa shuka! Kisha kicheko kikanikauka.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya kuchagua mashairi ya kitabu. Kijana mmoja alileta utungo usio na vina, unaomweleza mama yake akianika samaki huku akihesabu madeni. Nilisema mbele ya wenzangu kuwa huo si ushairi wetu, umeazimwa ugenini. Hakuna aliyenipinga, nami nilikuwa mkubwa wao. Karatasi ikarudishwa. Hata leo namkumbuka mama yule na samaki wake kuliko mashairi mengi tuliyoyapitisha, na mojawapo lilikuwa langu.

Katika kazi za Kuroda niipendayo zaidi ni ile ya mwaka 1897, ya mwanamke aliyeketi kando ya ziwa la Ashi, huko Hakone. Amevaa vazi jepesi la kwao la majira ya joto, ana upepeo mkononi, na nyuma yake maji yametulia hadi milimani. Baadaye alikuwa mkewe. Rangi ni za mafuta, mkono umefunzwa Ufaransa, na Japani imeiweka picha hiyo miongoni mwa mali muhimu za utamaduni wake.

Kuroda alifariki mwaka 1924, akaacha wosia kuwa sehemu ya mali yake itumike kuendeleza sanaa. Jengo la ukumbusho wake huko Ueno, Tokyo, lilikamilika mwaka 1928. Picha ya yule mwanamke wa kioo haipo tena. Iliteketea katika Vita Kuu ya Pili, na walioitaka kuiona hutazama picha ya kamera. Utungo wa kijana yule sikubakiza hata nakala.