Gari la Tajiri, Mapenzi ya Dereva

Utotoni mwangu pale Voi sikuwa na ndugu hata mmoja aliyemiliki gari, lakini magari niliyajua kwa mlio. Mama alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara ya Mombasa, na anayelala karibu na barabara ile hujifunza mengi bila kupelekwa shule. Leyland iliyotoka upande wa Maungu na mzigo ilianza kusikika kabla ya taa zake kuonekana. Fiat iligugumia. Peugeot 504 ilipiga mluzi. Na kulikuwa na gari moja ambalo tulilitambua likiwa limeshapita: Mercedes-Benz, jeusi, pazia dirisha la nyuma, na wakati mwingine kibendera mbele.

Hiyo ilikuwa miaka ya 1970 kuelekea 1980. Mwenye Mercedes alikuwa waziri, mkurugenzi wa shirika la umma, au mfanyabiashara aliyekula na hao wawili. Wabenzi, waliitwa hivyo kote Afrika Mashariki, na kwa wazee wa kwetu jina hilo halikuwa sifa. Sisi watoto tulilikimbilia gari lile kwa mbio na kusimama mbali nalo kwa heshima, kama linaweza kuuma. Mama hakulipenda hata kidogo. Alisema kitu kisichopunguza mwendo mbele ya watoto hakina adabu, kiwe kimepakwa rangi gani.

Ila kwenye benchi zake nilisikia habari nyingine. Mkubwa akilala Voi Safari Lodge, juu kule kwenye jabali ndani ya Tsavo Mashariki, dereva wake alishuka mjini kutafuta chakula cha bei yake. Palikuwa na mmoja aliyekuja mara kwa mara, mtu wa makamo, shati jeupe, viatu vinavyong'aa kuliko sahani zetu. Mama alimwita baba, yeye alimwita mama, ingawa sidhani walipishana umri. Chai yake ilipoa kila siku kwa sababu kila baada ya funda mbili alisimama kwenda kulitazama gari. Alikuwa na kitambaa cha manjano mfukoni ambacho hakukitumia kwa kitu kingine chochote.

Siku moja mama akamuuliza kwa nini anajisumbua na mali ya mtu. Akacheka. "Mama, yule mzee hulikalia tu. Akiingia hufungua gazeti, akifika hulifunga. Hajui gari lake linavyoshika njia likiwa kwenye mia na arobaini, hajui breki zake zinavyokuelewa mguu. Mimi ndiye ninayejua."

Nimeishi na maneno hayo kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Yeye Mercedes asingeinunua hata akiuza shamba la baba yake, lakini aliijua kwa mwili wake wote. Baadaye nimesoma makala nyingi za watu wanaoeleza kwa nini matajiri hupenda magari ya kifahari, na jibu huwa lile lile, fahari. Labda. Kwa madereva niliowajua mimi fahari ilikuwa kidogo sana. Gari halikuwa lao, na nani angejivunia cha mwenzake kwa miaka ishirini?

Fundi mzee aliyekuwa na gereji chini ya mkwaju, nyuma ya hoteli, alikuwa na maelezo yake. Kwake mapenzi ya Mercedes hapa kwetu Taita yalitangulia Uhuru na yaliletwa na matope. Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakawa yanafanyika Pasaka, majira ya mvua, na milima ya Taita ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizowatoa watu jasho. Mwaka 1959 akashinda Bill Fritschy kwa Mercedes 219, akarudia 1960, na 1961 akashinda John Manussis kwa 220SE. Pasaka tatu mfululizo. "Tulidhani ni gari la kwenda harusini," fundi alikuwa akisema, "kumbe ni punda."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, maana meza ya pili ilikuwa ya watu wa Peugeot. Nao walikuwa na hoja: 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na katika 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Bert Shankland wa Tanzania, aliyechukua 1966 na 1967, alitajwa kwetu kama jamaa wa ukoo. Tena Peugeot ilikuwa gari la mwananchi, ilibeba abiria, ilibeba maiti, ilibeba mbuzi. Mercedes ilibeba nini? Gazeti la mkubwa. Pasaka ya 1979 Mercedes ilirudi kwa kishindo na 450 SLC, Hannu Mikkola akamaliza wa pili nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta. Redio ya mama ilipotangaza matokeo, meza ya Peugeot ilishangilia ushindi wa Datsun. Ndivyo chuki ya mpinzani inavyokuwa.

Na kama ni kuhesabu magari ya fahari katika ardhi ya Taita, ya kwanza kujulikana hayakuwa ya Kijerumani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wameiteka Taveta na Waingereza wakijenga reli kutoka Voi kuwafuata, Rolls-Royce zilizovishwa chuma na kubebeshwa bunduki zilipita Maktau kwenda Salaita. Babu zetu walizifuata kwa miguu, wamejitwika mizigo ya jeshi kichwani. Sijasikia mzee yeyote aliyesema walizipenda.

Nirudi kwenye benchi. Wengi waliokula kwa mama walikuwa madereva wa malori, na ili kuelewa yaliyotokea baadaye ni lazima ujue walivyokuwa wakisafiri. Katika malori mengi ya wakati ule injini ilikaa kando ya goti la dereva chini ya kifuniko cha bati, na joto la Tsavo likiongezwa na joto lile, mtu alishuka Voi amelowa kama aliyetoka kuvua. Usukani ulivutwa kwa mabega. Gia ziliingia kwa kubembelezwa. Usiku dereva na utingo walitandika mkeka chini ya trela, mmoja akilala na mwingine akisikiliza wezi na tembo. Walipofika miaka hamsini walitembea wamepinda upande. Wake zao walikuja kwa mama kununua dawa ya kuchua aliyoitoa kwa mganga mmoja wa Mwatate, na dawa ile iliuzika kuliko mandazi.

Watu hao waliitazama Mercedes ya mkubwa ikipita na hawakuwa na wivu wa bendera. Walitazama kioo kilichofungwa. Ndani kule, walisema, kuna baridi.

Miaka ya 1990 mambo yalifunguka. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani na Dubai, Toyota ikaifuta Peugeot barabarani taratibu mpaka meza ya pili ikakosa wazee wa kubishana. Na zile Mercedes zilizokuwa za wakubwa zikazeeka, zikapigwa mnada, zikashuka ngazi moja moja: kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa meneja, kwa mwenye duka, hadi kwa mwalimu mstaafu wa Wundanyi aliyenunua 200D ya umbo lile tuliloliita sanduku, lililotengenezwa tangu 1976. Aliifanya teksi ya wagonjwa na maharusi.

Nilipanda naye mara nyingi kutoka Mwatate kwenda kwao. Anayeijua njia ile anajua kona zake, jinsi unavyoona chini ulikotoka na hujui kama umepanda au umezunguka tu. Injini ya 200D ilikuwa na nguvu za farasi 60, chini ya pikipiki kubwa nyingi za leo. Matatu zilitupita zikipiga honi, kisha tukazikuta juu zimefunguliwa boneti, zikitoa mvuke, kondakta akikimbia na kibuyu cha maji. Sisi tukapita polepole. Mwalimu hakuwahi kuwacheka. Aliinua kidole kimoja kwenye usukani, akashusha. Kwake raha ya gari ilikuwa kwamba halikumwaibisha mbele ya mgonjwa, na mafuta yake ya dizeli alimudu kuyanunua kwa pensheni.

Kufikia hapo bendera ilikuwa imeshasahaulika, na nadhani ndipo mapenzi yaliposhuka kutoka kwa dereva wa mkubwa kwenda kwa mtu wa kawaida. Lakini kilichoigeuza Voi kabisa kilikuwa lori.

Actros, lori la Mercedes, ilizinduliwa Ulaya mwaka 1996. Kwetu tulianza kuziona kwa wingi katika muongo uliofuata, nyingi zikiwa zimetumika Uingereza, kwa sababu usukani wa kule uko kulia kama wetu na sheria ya Kenya haikuruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Usidhani zilipokelewa kwa vigelegele. Madereva wazee walizikataa. Gia ilikuwa kijiti kifupi kwenye mkono wa kiti, kitu cha kushikwa kwa vidole viwili, na mtu aliyezoea kupigana na gia ya Leyland aliona anadharauliwa. Halafu kila kitu kilipitia kompyuta. Kihisi kimoja kikiugua, tani zote zile zinalala katikati ya Tsavo huku taa nyekundu ikiwaka na hakuna kilichovunjika ambacho jicho linaweza kukiona. Fundi mzee wa mkwajuni alizunguka Actros ya kwanza aliyoletewa, akaigonga tairi, akarudi kukaa. Alisema haongei na gari linalohitaji mkalimani. Kijana wake ndiye aliyekwenda Mombasa akarudi na kompyuta mkobani, na leo gereji ni yake.

Binamu yangu alikabidhiwa moja, akipeleka mzigo Malaba na Kampala. Mwezi wa kwanza alilalamika. Mwezi wa pili akanyamaza. Baadaye alipita kwenye hoteli, ambayo sasa iko mikononi mwa dada yangu, akasimama mlangoni wima akajinyoosha, akasema haumwi mgongo. Kiti kilikaa juu ya upepo, kikishuka na kupanda na barabara. Nyuma yake palikuwa na kitanda, godoro na pazia. Mkeka wake aliuacha kwetu na hajarudi kuuchukua. Na breki: diski magurudumu yote, na ile ya injini ambayo humshika mtu kwenye mteremko wa Mazeras asiwashe matairi moshi akiingia Mombasa. Alieleza hayo yote akiwa amesimama, kwa sauti ile ile ya mtu wa shati jeupe. Nilimtazama viatu nikaona havijang'arishwa, lakini kitambaa kilikuwepo. Cha buluu.

Mwaka 2009, serikali ilipoamua mawaziri waache magari makubwa na kutumia Volkswagen Passat za injini ya 1800, nchi nzima ilicheka na kupiga makofi. Meza ya madereva kwa dada yangu haikucheka. Waliwahurumia madereva wa mawaziri. "Waziri ataendelea kusoma gazeti," alisema mmoja.

Kisha ikaja reli mpya. Treni ya abiria ya Madaraka ilianza 2017, ikasimama kwenye stesheni ya Voi yenye paa kubwa, na watu wakafurahi. Mzigo ulipofuata, furaha ikapungua, na agizo la 2019 la kutaka makontena yaende kwa treni liliitikisa kila hoteli kati ya Mariakani na Mtito Andei kabla halijalegezwa. Serikali iliyoingia 2022 ikawaachia waagizaji wachague. Katika kipindi kile cha ukavu madereva walikaa kwenye benchi bila gari, na hapo ndipo niliposikia mapenzi yakitajwa waziwazi. Walitaja namba za usajili kama majina ya watu. Mmoja alijua Actros yake imeuzwa kwa nani Arusha, na akaapa ameiona ikivuka mpaka kule Taveta kupitia lami mpya ya Mwatate, inaendeshwa ovyo na kijana asiyeruhusu injini ipoe.

Siku hizi vijana wa Voi wenye kazi nzuri wananunua Mercedes C-Class zilizotumika Japani na kuziegesha mbele ya baa wakitazamana nazo. Sina ugomvi nao, ni pesa zao. Barabarani, wanaonunua malori wengi wameelekea kwa Howo na FAW za Uchina kwa sababu ya bei, na dereva atakwambia zinafanya kazi, usiulize zaidi. Scania nayo ina watu wake, na ubishi wa meza ya pili umerudi kwa sura hiyo.

Matajiri wanaujua ubishi huo vizuri kuliko madereva wanavyodhani. Binamu yangu alipokuwa akitafuta kazi upya, kampuni mbili zilimtaka. Moja ilikuwa na malori mapya ya Kichina na mshahara mzuri. Ya pili ilimwonyesha Actros uani kabla ya kumtajia malipo, wakampa na funguo aiwashe. Mshahara wa pale ulikuwa pungufu, marupurupu ya safari pia, na mkewe alimwambia hivyo mbele yangu, kwa ukali. Alichukua ya pili.