Magadi: Nchi ya Ndege Wasiotoka Jasho

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea kusini-magharibi huanza safari yake katika upepo wa baridi wa vilima vya Ngong. Akishapita mahali paitwapo Kona Baridi, barabara huteremka katika Bonde la Ufa, na koti alilolivaa alfajiri humgeukia mzigo. Baada ya mwendo wa kilomita 110 hivi huwasili Magadi, mahali palipo kimo cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Ziwa la hapo sehemu kubwa si maji, bali ni uwanja mweupe wa magadi wenye madoa mekundu. Kusini yake, ng'ambo ya mpaka, liko Ziwa Natron la Tanzania, ndugu yake wa bonde moja.

Saa sita mchana joto la Magadi mara nyingi hupita nyuzi 35 za Sentigredi. Mchungaji wa Kimaasai huketi chini ya mgunga na mifugo yake, na watu wa mjini hujifungia ndani. Lakini ndege wako pale pale. Je, wanaishije?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mwili wa ndege, hata akiwa mzima, una joto la nyuzi 40 hadi 42, ilhali wa binadamu ni 37. Joto likipanda kidogo tu juu ya hapo, ndege yu karibu na mauti. Tena hana tezi za jasho. Hivyo kila jamii ya ndege imejaliwa njia yake ya kujiponya.

Mbuni, akiwa katika mbuga kavu zilizo kandokando ya ziwa, huinua mabawa yake na kuyaachanisha na mwili. Asiyejua hudhani anataka kupigana, kumbe anaufungulia upepo njia upite katika ngozi ya mbavu na mapaja, mahali pasipo na manyoya. Manyoya ya mgongo humfaa kama mwavuli, hulizuia jua lisiifikie ngozi.

Mwari naye hufumbua mdomo na kuutikisa mfuko wa koo lake upesi upesi. Mfuko huo una damu nyingi na ngozi laini yenye unyevu. Unyevu ukigeuka mvuke, damu hupoa. Ndege wengine wengi huhema kwa haraka, midomo wazi, kwa sababu iyo hiyo.

Njia ya korongo mfuko-shingo humchekesha mgeni. Ndege huyu hujinyea miguuni kwa makusudi. Kinyesi chake ni majimaji, nayo yakikauka huchukua joto la damu ipitayo miguuni. Ndiyo maana miguu yake iliyo ya rangi nyeusi huonekana kana kwamba imepakwa chokaa.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni wale ambao hawajaanguliwa. Kandoni mwa ziwa wako ndege wadogo watagao juu ya ardhi tupu. Yai likiachwa juani, kinda hufia ndani yake. Basi mzazi husimama juu ya mayai mchana kutwa, si kuyatia joto, bali kuyatilia kivuli. Firigogo, ndege wa nchi kavu afananaye na njiwa, ana huduma nyingine: dume huruka mpaka penye maji baridi, hulowesha manyoya ya tumbo lake, kisha huwarudia makinda ili wayanyonye maji hayo.

Hata hivyo, hekima hiyo yote ina gharama yake. Kila pumzi ya ndege anayehema hupoteza maji, na maji ya ziwa lile ni ya magadi. Tena ndege aliyeshughulika kuhema, au aliyejificha kivulini, hawezi kutafuta chakula vyema. Uchunguzi uliofanywa katika Kalahari, kusini mwa Afrika, umeonyesha kuwa siku za joto kali baadhi ya ndege hushindwa kula cha kutosha, na uzito wao hupungua. Kwa kuwa joto la dunia linazidi kupanda, mti mmoja wa kivuli na kijito kimoja cha maji baridi ni uhai kwa viumbe wengi.

Sheria hiyo ya Magadi haikomei mpakani. Mama wa nyumbani amwonaye kuku wake, wakati wa jua kali, akihema mdomo wazi na mabawa yakiwa yameachana na mbavu, ajue kwamba kuku huyo anapigana vita ile ile ya mbuni na mwari. Tofauti ni kwamba kuku aliyefungiwa bandani hawezi kwenda kutafuta kivuli wala maji. Hayo lazima apewe na mwenye nyumba, tena kabla ya adhuhuri.