Njia ya Marangu na Amana ya Maji

Wengi wakisikia Kilimanjaro huiwaza theluji ya Kibo peke yake, iliyo juu mita 5,895. Lakini atakaye kuitazama kudura ya Mwenyezi Mungu halazimiki kufika kileleni. Yamtosha njia ya Marangu, kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara, karibu mita 2,700, kisha juu kidogo penye nyasi. Ni mwendo wa siku moja, kwenda na kurudi, auwezao kijana mwenye afya.

Tuliipanda pamoja na kiongozi, kama ilivyo kanuni ya hifadhi. Msitu ulitufunika mara moja; ndevu za kijivu zaning'inia matawini, na magome yamevikwa kijani kibichi kilicholowa ukungu. Kijito kilivuma kando yetu, mara chaonekana, mara chasikika tu. Mbega walirukaruka juu, na chini tuliona ua dogo jekundu na manjano, lililopinda kama mkonga wa ndovu, lisiloota popote duniani ila katika mlima huu.

Ilipoingia Adhuhuri tulichota maji kwa chombo, tukatawadha mbali na kijito ili tusikichafue, tukaswali. Imepokewa kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikataza israfu ya maji katika udhu, ijapokuwa mtu yuko kando ya mto upitao. Hekima yake huonekana mahali kama hapa, kwani kijito kina wenye haki nacho huko chini.

Robo saa kupita Mandara tulifika kasoko ya Maundi. Hapo miti hupungua, zikaanza nyasi, maua na vichaka. Yafaa ijulikane kwamba sehemu kubwa ya maji ya Kilimanjaro haitoki katika barafu. Yatoka katika msitu, unaoipokea mvua na kuunasa ukungu, ukayaachia maji kidogo kidogo. Hushuka kwenye mifereji ya migomba ya Wachaga, yakaingia mto Pangani, hata yakafika baharini penye mji wa kale wa Pangani.

Mnamo Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya juu. Vichaka virefu vikiungua, ukungu hukosa wa kuunasa, na chemchemi hupungua.

Basi, enyi vijana, asiwashe mtu moto pasipo ruhusa, wala asiache taka njiani. Anayeuharibu msitu huu amewadhulumu jirani asiowajua. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitunza amana yake. Amin.