Aliyebaki Landhini

Kutoka Kitui hadi Kibwezi sasa ni lami. Matatu hutoka stendi ya Kitui, hupita Mutomo na Ikutha, hupanda mgongo wa Yatta, kisha huteremka kuvuka daraja la Athi, na abiria aliyelala Mutomo anaweza kuamka akiwa tayari Makueni. Wazee wa Ikutha waliijua njia hii kwa miguu na kwa vumbi. Walilala njiani, wakangoja mto upungue, ndipo wakavuka. Reli haikuwahi kuingia Kitui. Ilipita ng'ambo ya Athi, na kijana wa Kitui Kusini aliyetaka kibarua Mombasa au Nairobi ilimbidi kwanza aifikie.

Nilishika njia hiyo kwa sababu ya mama mmoja wa Ikutha. Aliniambia kwamba shemeji yake, mtu wa reli wa zamani, bado anakaa landhini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, peke yake, katika stesheni ndogo kati ya Kibwezi na Mtito Andei ambako wenzake wote wamehama au wamekufa. "Huyo ndiye amebaki na habari za pale," alisema. "Akienda yeye, zimekwenda."

Kenya ina miji iliyokuzwa na dhahabu. Kakamega ilifurika watafutaji wa dhahabu miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ulipofungwa 1952 wengi wakatafuta riziki kwingine. Ukambani hatukupata bahati hiyo wala balaa hiyo. Bonde la Mui, huko huko Kitui, lina makaa ya mawe, na mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini 2013 na kampuni ya Fenxi kutoka China, lakini mgodi haujachimbwa, na wenye mashamba wameishi miaka wakijiuliza kama wajenge nyumba au wangoje kuhamishwa. Kilicholeta wageni wengi katika nchi hii kavu, kikajenga vijiji pasipokuwa na kijiji, kilikuwa reli na kiu yake ya maji.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899. Kati ya Voi na Makindu wajenzi walikutana na nyika isiyo na mito ya kutegemewa. Mvua inayonyesha milima ya Chyulu hunywewa na mawe ya volkano, ikaja kutokea chini kwenye chemchemi upande wa Kibwezi na Makindu, na injini ya mvuke bila maji haiendi. Tena njia ilikuwa moja tu, kwa hiyo ilibidi kila baada ya mwendo pawe na mahali pa magari mawili kupishana. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa stesheni hizi: hapa tanki, hapa njia ya pembeni, hapa nyumba chache za wafanyakazi. Miaka hiyo hiyo Wakamba walikuwa wanaangamia kwa njaa ya Ngomanisye, na wako waliokwenda kwenye kambi za reli kutafuta cha kutia mdomoni.

Kibwezi nilichukua bodaboda. Tulifuata barabara kuu ya Mombasa tukiwa tumebanwa na malori, kisha tukaingia njia ya udongo kati ya mibuyu na miiba. Kushoto kwetu, juu ya tuta refu la udongo lililozungushiwa ua, ilikuwa reli mpya. Reli ya zamani ilikuwa chini, imejificha kwenye nyasi, na kijana wa bodaboda, mzaliwa wa Kibwezi, alikiri kwamba hajawahi kumwona mtu akishuka garini mahali tunakokwenda.

Stesheni yenyewe ni jengo dogo la mawe lisilo na milango. Nyuma yake kuna miguu minne ya chuma iliyobeba tanki. Pembeni mwa tanki pametoboka na ndege wamejenga humo. Kisha landhi: safu mbili za nyumba za chumba kimoja kimoja, zinatazamana, na katikati uwanja uliofagiwa. Hilo la kufagiwa lilinishtua. Nyumba 11 zilikuwa wazi, nyingine hazina mabati, lakini uwanja mzima ulikuwa na alama za ufagio hadi kwenye kizingiti cha nyumba ambazo hazina mtu.

Mzee alikuwa nyuma, akipukusa ndengu. Alinawa mikono, akavaa koti la buluu lililopauka, ndipo akaja kunisalimu.

"Umetoka Ikutha?"

"Nimepita Ikutha, baba. Shemeji yako amekusalimu."

"Mto una maji?"

"Kidogo."

"Basi keti."

Kabla ya lolote aliniomba jambo moja: nisiandike jina lake wala la stesheni. Nyumba si yake. Aliingia humo kijana, muda mfupi baada ya Uhuru, kama mtu wa pointi, na kazi ilipokwisha alibaki kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwambia atoke. Aliniambia hivyo kwa utulivu, lakini mikono yake ilikuwa inavuta vuta vifungo vya koti. Nimelitimiza ombi lake.

Kazi ya mtu wa pointi aliieleza kwa kusimama. Alinipeleka kwenye mkono wa chuma wa kugeuzia njia, uliopandwa kando ya reli, akaushika kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wa mwili wote. Haukusogea, kutu imeula. Lakini nikaona mahali pa kushikia palivyolainika pakang'aa. Gari likija kutoka Mtito, alisema, stesheni masta hupiga simu stesheni ya mbele kuuliza kama njia ni wazi. Akijibiwa ndiyo, huandika kibali kwenye karatasi, na hakuna dereva anayethubutu kuingia kipande kinachofuata bila karatasi hiyo. Dereva wa gari lisilosimama hapewi mkononi. Karatasi hufungwa kwenye kitanzi kikubwa chenye mpini, nawe husimama kando ya reli ukikiinua, usiku, taa mkono wa pili, na injini inakuja. Dereva hutoa mkono, huuingiza ndani ya kitanzi, na kimekwenda.

"Ukirudi nyuma hatua moja, amekikosa, gari lazima lisimame, na stesheni masta atakula nyama yako," alisema. "Ukisogea mbele hatua moja, hakuna wa kukulaumu tena."

Injini alizozisimamia mwanzoni zilikuwa zile Garratt za daraja la 59, za rangi ya damu ya mzee, 34 kwa jumla, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252, na katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini ya mvuke iliyozizidi duniani. Zilivuta tani 1,200 kutoka pwani hadi Nairobi. Mzee anakumbuka majina ya milima ambayo hajawahi kuiona, na aliyataja akitazama reli: Meru, Gelai, Shengena. Zilichoma mafuta mazito, lakini maji zilikunywa kama ng'ombe waliotoka malishoni wakati wa kiangazi, na ardhi ilitetemeka kiasi kwamba vikombe viligongana rafuni kabla hujasikia mlio.

Wanawake wa landhi walijua ratiba kuliko wanaume. Injini iliyosimama kunywa ilikuwa soko. Mayai ya kuchemsha, asali, ndizi, muthokoi wa moto kwenye sufuria iliyofunikwa kwa gunia, vyote viliuzwa kwa abiria wa daraja la tatu kupitia dirishani. Mke wake alikuwa mmoja wao. Alivuka Athi na dada yake kuja kuuza asali ya Ikutha, na mtu wa pointi akawa mteja wa kila mara, ingawa, aliniambia, hapendi asali.

Nilimwuliza mji ulikufa lini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo amejijibu mara nyingi usiku.

"Haukufa siku moja. Ulikuwa unakatwa kidole kidole."

Kidole cha kwanza kilikuwa dizeli. Injini za dizeli hazikuhitaji tanki, na kufikia 1980 mvuke ulikuwa umeondoka. Gari ambalo zamani lilisimama sasa lilipunguza mwendo tu, na mayai yakarudi nyumbani. Kabla ya hapo lami ya barabara kuu ilikuwa imeshaanza kuchukua vifurushi na abiria wenye haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na shirika la pamoja la reli likavunjika nayo. Wenzake wa Uganda na Tanzania wakafunga mizigo. Mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi likafunguliwa, na yale mabehewa marefu ya mafuta yakapungua. Mara ya mwisho stesheni kuonekana kama stesheni, alisema, ilikuwa 1984, njaa ya Nikw'a Ngwete, watu walipokuwa na hela mkononi na hakuna cha kununua. Mahindi ya njano kutoka Marekani yalipita kwa reli, na watu walivuka kutoka Kitui na magunia matupu wakakaa uwanjani wakingoja. Mkewe alipika uji kwa sufuria zote za landhi. Hapa alinyamaza, akaenda kutazama ndengu zake, akarudi.

Kilichofuata kilikuwa simu za redio, kupunguzwa kwa wafanyakazi, na stesheni masta wa mwisho aliyefunga ofisi, akamwachia funguo "mpaka nirudi". Mwaka 2017, tarehe 31 Mei, reli mpya ilizinduliwa, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na gari la abiria la zamani likawa limekoma. Reli mpya ina vituo vitatu vya abiria Makueni: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu yenyewe, iliyokuwa kituo kikubwa cha reli tangu enzi za ujenzi, haina. Bado ina hekalu la Masingasinga la 1926, linalolisha kila msafiri bure, na mzee alinihimiza nipite nikale huko.

Hana chuki na reli mpya, na hilo nililitaja kwa makusudi nione. "Ni nzuri. Inawahi. Mjukuu wangu huipanda." Kinachomuuma ni kingine. Wageni waliofika kwake miaka ya karibuni walikuwa wawili watatu, na wote waliuliza habari za simba. Najua kwa nini. Reli hii duniani inajulikana kwa simba wa Tsavo wa 1898, na kwa yule wa Kima aliyemtoa ofisa wa polisi Ryall ndani ya behewa mwaka 1900. Behewa hilo limehifadhiwa Makumbusho ya Reli Nairobi, na injini mbili za daraja la 59 ziko hapo pia, zimepakwa rangi. Ni vema zimehifadhiwa. Lakini nimetembea makumbusho hayo na sikuona ukuta wenye majina ya watu wa pointi, wajaza taa, magenge ya kukaza misumari ya mataruma, na wake zao waliouza mayai. Nadhani ni kosa, na ni kosa linaloweza kurekebishwa wakati mashahidi wangali hai.

Kwa hiyo nilifungua daftari, nikamwomba anipitishe nyumba kwa nyumba.

Aliinuka, akachukua fimbo. Nyumba ya kwanza: fundi wa ishara kutoka Taita, mtu wa kanisa, alijaza mafuta ya taa kwenye taa zote kila jioni na hakuwahi kukosa hata siku mwanawe alipozikwa. Ya pili: Mluo wa Seme, mpiga gitaa, watoto sita. Ya tatu: Mgiriama aliyepanda ule mkorosho, ambao kila mtu alimwambia hautashika, nao umesimama. Ya nne: Mkamba wa Mbooni, mnyapara wa genge, mkali, lakini ndiye aliyechanga zaidi mtu akifiwa. Majina ninayo, na miaka, na waliozaliwa humo, kwa kadiri anavyokumbuka. Kila mlango aliusimamia kwanza, kana kwamba anabisha hodi, ndipo akasema. Ilipofika yake mwenyewe, ya kumi na mbili, alitaja jina la mkewe tu.

Moja ilimshinda. Nyumba ya saba, miaka ya katikati ya 1970, kati ya Mtaita mmoja aliyehamia Voi na familia iliyokuja baada ya Jumuiya kuvunjika. Alirudi mlangoni pake mara kadhaa, akainama kuchungulia ndani. Ukutani mle kuna alama za mkaa za kupimia urefu wa watoto, tatu, naye hakukumbuka ni za nani. Alikasirika kweli. Nilimwambia si neno, akanijibu kwamba ni neno kubwa, kwa sababu hao watoto walikula nyumbani kwake. Niliacha mistari mitupu kwenye ukurasa huo, nikampa namba yangu ya simu.

Nilikuwa nimesharudi Kitui simu yake ilipoingia, asubuhi mapema, kuku wakisikika nyuma. Hakusalimu. Alisema amempata mjane wa fundi wa ishara huko Voi kwa njia ya mtoto wake, wamezungumza, na wamekubaliana.

"Nyumba ya saba," alisema. "Chukua kalamu. Mwanamume alikuwa mpishi wa gari la abiria, kwao Maragoli. Mkewe alishona nguo. Watoto walikuwa wanne, si watatu. Yule wa nne alikuwa bado hajasimama."