Kijerumani Kinahitaji Mtaa

Hapa Goma, Kifaransa unakisikia shuleni, redioni na ofisini. Kiingereza kinakuja na wafanyakazi wa mashirika. Kijerumani hukisikii popote. Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani mpaka 1916, lakini hawakuacha wasemaji. Wanafunzi wangu, wengi wao wauguzi vijana wanaotaka kwenda kusomea kazi Ujerumani, wakitoka darasani hawana wa kuzungumza naye. Ndiyo maana nafundisha kwa maigizo. Tunasogeza madawati ukutani, chumba kinageuka duka la dawa, kituo cha treni, wodi.

Wodi ndiyo wanayoipenda zaidi. Mmoja analala kwenye benchi ameshika tumbo, mwenzake anamwuliza: "Wo tut es weh?" (Unaumwa wapi?) Mgonjwa haruhusiwi kujibu kwa neno moja. Aseme maumivu yalianza lini, alikula nini. Kisha muuguzi amweleze daktari anayeingia. Hapo hakuna nafasi ya kutafsiri kichwani. Nimewaona mabinti waliokuwa kimya wakati wote wa imla wakimgombeza kwa Kijerumani "daktari" aliyechelewa.

Hata sarufi tunaicheza. Kitenzi aufstehen (kuamka) hukatika vipande viwili: "Ich stehe um sechs Uhr auf" (Naamka saa kumi na mbili). Kila neno nampa mtu. Stehe anasimama wa pili, auf anakwenda mwisho wa mstari, saa inakaa katikati yao. Nikileta weil (kwa sababu) mbele, stehe anakimbia mpaka nyuma kabisa kuungana na auf. Aliyekimbia hivyo hasahau.

Wazazi wengine huniambia wanalipia masomo, si michezo. Nawaelewa, sote tulisoma kwa kunakili ubao. Basi nawaeleza mtihani wenyewe: katika A1, mtihani wa ngazi ya kwanza wa Goethe-Institut, mazungumzo hufanywa kwa kikundi. Mtahiniwa hujitambulisha, huchukua kadi, huuliza wenzake na kuwajibu, huomba kitu na kuitikia ombi. Hilo ni igizo tayari. Daftari tunalo, maana kuandika nako kunapimwa, ila hufunguliwa baada ya watu kusema.

Mwalimu mwenzangu wa Bukavu, Beni au Bunia, kama lugha unayofundisha haina wasemaji mjini kwako, usingoje vitabu kutoka Ulaya. Anza na duka la dawa: meza, muuzaji, mgonjwa, na mteja mwingine mwenye haraka. Huyo wa mwisho usimwache, kwa sababu yeye ndiye anayewalazimisha wenzake kusema.