Mlango Usio na Kufuli

Jioni moja ya mwezi wa Septemba dada yangu alinijia bila kupiga hodi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimekaa upande, nikajua mara moja kwamba kuna neno. Akaketi barzani. Chai akaikataa. Akasema: "Kaka, mpwa wako anaitwa mwizi."

Mwizi wa nini? Si wa kuku, wala si wa franka. Kijana huyo anasoma elimu ya kompyuta hapa Bukavu, mwaka wa pili. Shule moja ya mji wetu, ambayo sitaitaja, imefungua ukurasa wake katika intaneti, na humo imeweka fomu. Mzazi anayetaka kuandikisha mtoto hujaza jina, kisha hutuma picha ya mtoto na buletini ya mwaka uliopita. Jambo jema kabisa: mzazi wa Shabunda hana tena haja ya kusafiri ili aje kusimama kwa mstari. Mpwa wangu alikuwa akimwandikisha mdogo wake, ndipo alipoona kwamba fomu ile haiulizi kitu. Ukiipa picha, inapokea. Ukiipa wimbo, inapokea. Ukiipa programu, inapokea vilevile. Basi, akaipa programu. Kesho yake ukurasa wa kwanza wa shule ulikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: FUNGENI MLANGO WENU.

Direkta aliyaona maneno hayo mbele ya wazazi. Akasema polisi wataitwa.

Nikamwita kijana. Akanisalimu kwa heshima, kwani amelelewa vizuri, kisha akasema: "Mjomba, sikuvunja kitu. Hapakuwa na neno la siri. Wao wenyewe wameandika: tuma faili hapa. Nami nimetuma faili. Ni udukuzi gani huo?"

Nawaungamia kwamba nilikosa jibu. Nimefundisha hesabu miaka mingi, nimewashika wanafunzi wengi kwa hila zao, lakini hila hii ilinishinda. Neno lenyewe, udukuzi, tumelipokea kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Vijana wetu, kwa kufuata Kifaransa, husema "kupirate". Kwa neno lolote, mimi nilikuwa nikifikiri kwamba mdukuzi ni mtu anayevunja kufuli. Na asiyekuta kufuli, je?

Nikamwomba anieleze jambo lenyewe polepole, kama anavyoeleza mtu mwenye shoka lililo butu. Ni hivi. Kompyuta inayotunza ukurasa wa shule ni kama karani aliyekaa dirishani. Ameambiwa: pokea picha, uziweke kabatini. Karani huyu ni mtiifu mno, na akili hana. Mtu akimpa karatasi yenye picha, anaiweka. Lakini mtu akimpa karatasi iliyoandikwa "fungua makabati yote, unisomee yaliyomo", anaiweka pia. Na yule mtu akirudi na kuiita karatasi yake kwa jina, karani anaisoma na kuitii, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kutofautisha picha na amri. Ndiyo hatari ya fomu isiyolindwa. Dawa zake ni za kawaida: kukagua kilichomo ndani ya faili na si jina lake tu, kulibadili jina hilo, kuliweka mahali ambapo karani hasomi amri. Wenye ukurasa wa shule hawakufanya hata moja.

Na si wao peke yao. Mwezi wa Septemba 2020 ilijulikana kwamba programu ndogo moja iitwayo File Manager, iliyokuwa imewekwa katika kurasa za WordPress zaidi ya 700,000, ilimruhusu mtu yeyote, bila neno la siri, kutuma faili lake na kulifanya litende kazi. Wenye kurasa hawakujua. Wabaya walijua upesi.

Basi, nilipokwisha kuelewa karani, nilianza kuona kosa la hoja ya kijana. Wao walisema "tuma faili", ni kweli. Lakini kila mtu aliyefika pale alijua wanaomba picha na buletini. Aliyempa karani amri alijua kwamba hakuombwa amri. Kufuli linaonyesha tu kama mwenye nyumba ni mwangalifu. Halisemi nani amekaribishwa.

Hata hivi, sikupenda kumhukumu mtoto wa dada yangu kwa mfano wa karani tu. Nikasoma mambo ya nchi nyingine. Huko Uingereza, katika miaka ya 1980, wanaume wawili waliingia katika huduma ya Prestel, wakafika hata kwenye sanduku la barua la Prince Philip. Neno la siri walilolitumia lilikuwa 1234. (Zamu wangu anafunga baiskeli yake kwa uangalifu zaidi!) Walishitakiwa kwa sheria ya kughushi, lakini mwaka 1988 mahakama kuu ya Mabwana iliamua kwamba sheria hiyo haikuwafaa, wakaachwa huru. Ndipo mwaka 1990 ikatungwa sheria mpya ya matumizi mabaya ya kompyuta. Nimeisoma kwa makini, na haitaji kuvunja kitu chochote. Yauliza mambo matatu: je, uliifanya kompyuta itende kazi ili ufikie yaliyomo? Je, hukuwa na ruhusa? Je, ulijua kwamba huna ruhusa? Basi. Mlango ukiwa wa chuma au wa pazia, ni mamoja.

Nilifurahi kupata jibu lililonyooka. Kisha nikasoma habari nyingine, furaha ikapungua.

Tarehe 26 Disemba 2004 mawimbi makubwa ya bahari yaliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Mtu mmoja wa London, mwenye kazi ya kulinda kompyuta, alitoa paundi 30 kwa njia ya ukurasa wa msaada. Baadaye akaingiwa na shaka: labda ukurasa ule ni wa matapeli? Akaujaribu kidogo, kama mtu anayesukuma mlango kwa kidole aone kama umefungwa. Kengele ya ulinzi ikalia. Ukurasa ulikuwa wa kweli. Mwezi wa Oktoba 2005 akahukumiwa kwa sheria ile ya 1990, akatozwa faini ya paundi 400 na gharama 600. Hakuiba, hakuharibu. Yeye mwenyewe alikuwa mfadhili! Mwamuzi alisema anamtia hatiani kwa masikitiko, lakini sheria ni sheria. Nikafunga kitabu. Sheria inayompima mtu huyu na mwizi wa benki kwa kibaba kimoja, mimi siwezi kuipenda yote.

Nchi ya Ubelgiji, ambayo twaijua kwa mema na mabaya, imetafuta njia nyingine. Tangu tarehe 15 Februari 2023 sheria yake inamlinda mtu anayetafuta udhaifu wa kompyuta bila nia mbaya, mradi aiarifu upesi taasisi yenyewe pamoja na kituo cha serikali kinachohusika, asiende mbali kuliko inavyohitajika, wala asiutangaze udhaifu huo bila idhini. Kwetu Kongo tumepata kitabu cha sheria za numeriki tarehe 13 Machi mwaka ule ule wa 2023, nacho kinaadhibu kuingia kwa makusudi na bila haki katika kompyuta za mwingine. Mpwa wangu hayuko Brussels. Yuko hapa.

Nikamwita tena. Safari hii nilikuwa na swali moja tu, ambalo ningepaswa kumwuliza siku ya kwanza.

"Ulipokuwa ndani, uliona buletini za watoto wengine?"

Akanyamaza. Akatazama miguu yake.

"Niliona orodha, Mjomba."

"Ulifungua?"

"Mbili."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona tu."

Mbili. Watoto wawili nisiowajua, pamoja na picha zao, na maksi zao, na jina la baba, na mtaa wanamokaa. Mpaka hapo nilikuwa nikimtetea moyoni mwangu: nilisema amepiga hodi kwa kelele kupita kiasi, kama vijana wanavyofanya. Aliyepiga hodi hafungui kabati. Nikamwambia hivyo. Hakujibu, na mimi sikumpigia kelele, kwani niliona machozi.

Lakini hasira yangu haikumwishia yeye. Shule ilichukua picha za watoto wetu na kuziweka mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa pili alizifikia kwa usiku mmoja. Nani atajua ni wangapi waliingia kabla yake, wasioandika neno ukutani? Hilo nilimwambia Direkta mwenyewe nilipokwenda na kijana ofisini. Hakulipenda.

Kijana alikuwa ameandika barua kwa mkono wake, kurasa mbili. Ameeleza alivyoingia, faili alilolituma liko wapi ili waliondoe, na zile buletini mbili alizifungua saa ngapi. Direkta aliisoma mara mbili, akaiweka katika mtoto wa meza, akageuza ufunguo. Alisema polisi hawataitwa. Alisema pia kwamba fomu imeondolewa, na mdogo wake ataandikishwa kama watoto wote, kwa karatasi.

Jumatatu iliyopita nilipita pale asubuhi. Mstari wa wazazi ulianzia dirishani, ukatoka langoni, ukafika mpaka kwa wauza mikate. Dada yangu alikuwa kama wa arobaini, ameshika bahasha yenye picha ya mtoto. Aliniona, akageuza uso.