Kopo Lisilotaja Madhara

Ukifungua pakiti ya dawa ya presha, mara nyingi unakutana kwanza na karatasi iliyokunjwakunjwa, yenye maandishi madogo ya kuumiza macho. Humo aliyeitengeneza dawa anakiri mwenyewe: vifundo vya miguu vinaweza kuvimba, kichwa kinaweza kuuma, unaweza kushikwa na kizunguzungu. Sasa geuza kopo la unga wa kijani unaouzwa nyumba kwa nyumba kule Kawangware. Orodha yake ni nyingine kabisa: husafisha damu, huondoa sumu mwilini, huimarisha kinga, husaidia presha, sukari, viungo na nguvu za kiume. Madhara hayatajwi popote. Muuzaji ukimuuliza anakujibu bila kusita, "Hii haina madhara, ni ya asili."

Nimeishi Kibera sehemu kubwa ya maisha yangu, na ndugu zangu wengi wako Kawangware, upande wa Gatina na Kabiro. Katika mitaa hii miwili ya Nairobi nimewaona watu wenye akili timamu wakiweka karatasi ile na kopo lile mezani, wakavilinganisha, wakaamua kwamba kinachojitaja ubaya ndicho hatari na kisichojitaja ndicho salama. Siwacheki. Ukiwa na hivyo viwili tu mbele yako, uamuzi huo una mantiki. Lakini nimeona unakowafikisha.

Shangazi yangu aliambiwa ana presha baada ya kuvuka miaka sitini. Akapewa vidonge vya kila siku na kuelezwa kwamba atavimeza maisha yake yote. Hayo maneno ya maisha yote yalimchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha akaja mama mmoja wanayesali naye, mtu mstaarabu, na kopo la shilingi elfu nne na mia tano, akamweleza kwamba unga unatibu chanzo ilhali vidonge vinatuliza tu. Shangazi hakuacha vidonge mara moja. Alivipunguza: leo anameza, kesho na keshokutwa anaruka, ili figo zipumzike. Tulipokuja kujua, presha ilikuwa 190 kwa 110 na kisogo kilikuwa kinamuuma usiku kucha. Hakuna aliyemtakia mabaya. Yule mama mwenyewe alikuwa anakunywa unga uleule, na anao watoto wanaomtegemea.

Kwa watu wa Kibera, madhara ya dawa za hospitali si habari za vitabuni. Miaka ya mwanzo ya 2000, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya ukimwi, bure hapa mtaani, mchanganyiko uliotumika sana ulikuwa na stavudini. Dawa hiyo iliwainua watu ambao familia zao zilikuwa zimeshaanza kuchanga pesa za mazishi. Halafu baada ya muda mashavu ya baadhi yao yakabonyea, mikono ikabaki mishipa mitupu, nyayo zikawaka moto hata viatu vikawa mateso. Pale Gatwekera, ndani ya Kibera, ilifika mahali watu wanamjua anayetumia dawa kwa kumtazama usoni. Nakumbuka mama mmoja jirani akisema kwamba ugonjwa ulitaka kumuua kimya kimya, lakini dawa inamtangaza.

Malalamiko ya wagonjwa kama yule mama hayakupotea. Yaliandikwa katika faili zao, Kibera na kwingineko Afrika, yakahesabiwa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziachane na stavudini polepole na kutumia dawa zenye madhara madogo, ikiwemo tenofovia. Watoto wanaoanza matibabu leo hawaijui kabisa sura ile. Dawa ilikuwa na ubaya, ubaya ukawekwa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ikaiondoa.

Miaka miwili baadaye, 2011, magari yalijaa watu kutoka Nairobi wakielekea Tanzania, kijiji cha Samunge huko Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye wote walimwita Babu, alikuwa anatoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemekana kinatibu ukimwi, kisukari, presha na saratani. Wapo waliotoka huko wakaweka ARV kando kwa sababu waliamini wamepona. Sina ugomvi na mti wa mugariga, ambao wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanautumia tangu zamani. Huenda kikombe chenyewe hakikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni kile ambacho mtu alikiacha baada ya kukinywa, na aliyekinywa alirudi nyumbani bila kadi wala tarehe ya kurudi kupimwa.

Hapa ndipo nilipoanza kuyaelewa mambo haya kwa namna nyingine. Nilikuwa nimezoea kuuliza kama kitu fulani ni salama, kana kwamba usalama umekaa ndani ya kidonge. Siku hizi nauliza: kikinidhuru, nani ataandika? Ataandika wapi? Na nani atalazimika kujibu?

Historia yetu inanikataza kuwafanya wataalamu kuwa malaika. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilitoa dawa iliyoitwa Kemron, na Rais Moi mwenyewe akaitangaza kuwa tumaini la wagonjwa wa ukimwi. Nchi ilishangilia. Lakini kiini cha Kemron kilijulikana, nacho ni intaferoni ya alfa kwa kiasi kidogo sana, na kwa kuwa kilijulikana, watafiti wengine waliweza kuipima, yakiwemo majaribio yaliyoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Hawakuona faida iliyotangazwa. Aibu ilikuwa kubwa, ila njia ya kuufikia ukweli ilikuwepo. Unga wa kopo usiosema kila kilichomo unampa mtafiti nini cha kupima?

Makopo mengi yanayofika Nairobi yanatoka mbali, na ukitaka kuyaelewa inabidi uutazame mwaka 1994. Mwaka huo yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Finland uliofuatilia wanaume wavutaji sigara 29,133. Baadhi yao walipewa beta-karotini, kirutubisho kile kile kinachoipa karoti rangi yake, kwa matumaini kwamba kingewakinga na saratani ya mapafu. Waliokipata waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18, kuliko wasiokipata. Mwaka uo huo Marekani ikapitisha sheria inayomruhusu mtengenezaji wa virutubisho kuviuza bila kuithibitishia serikali kwanza kwamba ni salama au vinafanya kazi. Mtengenezaji wa dawa sharti athibitishe ndipo auze. Mwenye virutubisho anauza, na ni juu ya serikali kuja kuonyesha baadaye kwamba vimedhuru. Ndiyo maana makopo ya kutoka huko huwa na sentensi ndogo chini kabisa ikisema kwamba maelezo hayo hayajakaguliwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kutibu ugonjwa wowote. Nimehudhuria vikao vya mauzo ambako kopo lilisomwa lote kwa sauti, mbele na nyuma, isipokuwa sentensi hiyo. Nilisikitika, kwa sababu ndiyo sentensi pekee mle ambayo mgonjwa wa presha alihitaji kuisikia.

Mamlaka hiyo hiyo ya Marekani imekuta mara kwa mara bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zilizotiwa kisirisiri sildenafili, dawa ya hospitali kabisa. Mwanaume mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akimeza mchanganyiko huo, presha yake inaweza kuporomoka ghafla mpaka akafa. Daktari wake anajua hatari hiyo na angemkataza. Lakini atamkatazaje kitu ambacho hata jina lake halimo kwenye kopo?

Haki inanitaka niuseme upande wa pili. Dawa za cheti nazo zimeua. Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyotumiwa na mamilioni ya watu, iliondolewa sokoni na kampuni ya Merck mwezi Septemba 2004 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Na hapa kwetu dawa ya cheti inauzwa bila cheti. Unaingia kwenye kemisti ya mtaani, unamwita muuzaji "daktari" hata kama humjui, unamwambia magoti yanauma, unapewa diklofenaki za siku tatu ndani ya karatasi ya khaki. Hakukuuliza kama una presha. Diklofenaki inaweza kuipandisha na kuzichosha figo, lakini onyo lake limebaki kwenye boksi, na boksi limebaki kwenye rafu. Dawa iliyovuliwa maelezo yake namna hiyo imekuwa sawa na unga wa kopo. Antibiotiki za kununua mbili mbili kulingana na pesa iliyoko mfukoni ni hadithi hiyo hiyo.

Wala virutubisho si adui. Mama mjamzito akienda kliniki anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, navyo vinaokoa damu yake na uti wa mgongo wa mtoto. Watoto wetu wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita: kapsuli ya buluu yenye vipimo 100,000 kwa aliye na miezi sita hadi kumi na moja, nyekundu yenye 200,000 kwa aliyetimiza mwaka mpaka afike miaka mitano. Vitamini hiyo hiyo, mama akiimeza kwa wingi akiwa na mimba changa, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Inatolewa kwa amani kwa sababu kipimo chake kinajulikana na tarehe inaandikwa katika kitabu cha mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi mtaani hawajaambiwa. Dolutegravia, ambayo sasa ndiyo nguzo ya matibabu ya VVU nchini, ikimezwa tumbo likiwa tupu pamoja na madini ya chuma au kalsiamu, hunaswa na madini hayo tumboni na mwili ukaipata pungufu. Suluhisho ni rahisi: vimezwe pamoja na chakula, au dolutegravia itangulie kwa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita. Lakini nani atamwambia hivyo mtu ambaye hajasema kwamba ana chupa ya kalsiamu nyumbani?

Na kwa nini hasemi? Swali hili nimekaa nalo kuliko yote. Katika kituo cha afya cha umma unafika alfajiri, unakaa kwenye benchi mpaka jua linakolea, kisha unaonwa kwa dakika chache na mtu aliyechoka ambaye nyuma yako ana wagonjwa wengi. Ukitaja dawa ya kienyeji, unakaripiwa mbele ya watu. Muuzaji wa kopo anakuja kwako. Anaketi kwenye kiti chako, anakunywa chai yako, anauliza habari za mtoto aliyekosa karo, na wiki inayofuata anapiga simu kujua umeamkaje. Shangazi alinieleza waziwazi: "Mwanangu, yule alinisikiliza." Kwa miezi kadhaa sikupata la kumjibu, na sidhani jibu lipo. Mtu hununua kopo la elfu nne na mia tano kwa sababu ndani ya bei hiyo kuna saa nzima ya kusikilizwa.

Bodi ya Famasia na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, na ndani yake kuna nafasi ya kuandika vitu vingine alivyotumia mgonjwa, zikiwemo dawa za mitishamba. Nafasi hiyo haiwezi kujazwa na mgonjwa anayeogopa kukaripiwa.

Kilichomrudisha shangazi kwenye vidonge ni sista mmoja wa kliniki aliyemuuliza kwa sauti ya kawaida, akiwa bado anamfunga kipimo mkononi, "Na nyumbani mama unatumia nini kingine? Hata kama ni chai, niambie tu." Shangazi akasema. Siku nyingine akalibeba kopo kwenye mfuko wa nailoni. Sista hakulicheka. Alinakili jina lake kwenye kitabu, akamwandikia kipimo cha figo, akamwomba aweke unga kando mpaka majibu yatoke na vidonge avimeze kila siku. Presha imeshuka. Shangazi na yule mama bado wanasali pamoja, na nimeambiwa yule mama naye ameenda kupimwa.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Hawa wanapita Laini Saba hapa Kibera na Gatina mlango kwa mlango, wanaketi kwenye viti vile vile anavyoketi muuzaji, na kopo wanaliona kwenye kabati hata kabla halijatajwa. Wakishapima presha, ningependa waulize swali la yule sista, na jibu waliandike pale pale: jina la kopo, na tarehe lilipofunguliwa.